Gundi ya Hughes na ng'ombe aliyekatwa vipande viwili



Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo nimeona nitoe la moyoni kuhusu makala moja ambayo sisi tunaofanya kazi za kompyuta tumeipenda mno. Ni "Why Functional Programming Matters" ya John Hughes. Ilianza kuzunguka mkono kwa mkono mwaka 1984, ikaja kuchapishwa katika The Computer Journal mwaka 1989, na mpaka leo inasomwa. Kila kijana anayeniuliza programu kubwa hujengwaje kutokana na vipande vidogo bila kugeuka fujo, humpa makala hii. Nitaendelea kumpa. Ila kuanzia sasa nitampa pamoja na haya ninayoyaandika hapa.

Wale wa isimu na fasihi msikimbie. Kesi yenyewe mwishoni ni yenu kuliko yangu.

1. Makala inasema nini

Hughes anaanza kwa kuwakosoa watu wa upande wake mwenyewe, na hapo ndipo nilipompendea. Wakati ule waliokuwa wakiusifia upangaji wa programu kwa njia ya fanksheni walikuwa na wimbo mmoja: hakuna kubadilisha thamani ya kigeu, hakuna athari za pembeni, mpangilio wa utekelezaji hauna neno. Yeye akawaambia kwamba hizo ni sifa za kutokuwa na kitu, akawafananisha na mtawa wa zama za kati anayejinyima raha za dunia akitumaini kwamba kujinyima kutamfanya mwema. Mimi ningesema ni kama mtu anayekusifia mchumba: havuti, halewi, hasengenyi. Sawa bwana, lakini ana nini?

Kwa wasio wa fani: fanksheni hapa ni ile ile ya hesabu. Unaipa kitu, inakurudishia kitu, na ukiipa kile kile kesho itakurudishia kile kile. Programu za kawaida ni kama ubao wa darasani, huyu anaandika, yule anafuta na kuandika lake, na ukichelewa kuingia hujui kilichokuwepo. Programu za fanksheni ni kama daftari la mwenye duka mwaminifu. Hafuti mstari, anaandika mwingine chini yake.

Jibu la Hughes kwa swali la "ana nini" ni gundi. Anatoa mfano wa kiti. Fundi anaweza kutengeneza miguu, kikalio na egemeo mbalimbali kisha akaviunganisha, lakini anaweza hivyo kwa sababu anazo njia za kuunga na gundi ya mbao. Asipokuwa nazo itambidi achonge kiti kizima ndani ya gogo moja. Kwetu pwani tungesema ni tofauti ya mtumbwi na jahazi. Mtumbwi unauchimba katika gogo, na ukubwa wake ni ukubwa wa mti uliouangusha. Jahazi ni mbao nyingi, na mtepe wa zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Anayejua kuunga hafungwi na unene wa mti. Hoja ya Hughes ni kwamba namna unavyoweza kuligawa tatizo inategemea namna unavyoweza kuyaunga majibu yake. Hilo ni jambo kubwa, na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi kwa kurasa chache vile.

2. Gundi mbili

Gundi ya kwanza ni fanksheni inayopokea fanksheni nyingine. Chukua kujumlisha orodha ya namba: unaanza na 0, kila namba unaiongeza. Kuzidisha orodha: unaanza na 1, kila namba unaizidisha. Kuuliza kama kuna hata mmoja aliyesema ndiyo: unaanza na "hapana", unaunganisha kwa "au". Kuuliza kama wote wamesema ndiyo: unaanza na "ndiyo", unaunganisha kwa "na". Hughes anaonyesha kwamba zote hizi ni kalibu moja. Ukishaiandika mara moja, unabadilisha mbegu na tendo tu. Kisha anaipeleka kalibu hiyo kwenye miti, na msomaji anajisikia amepewa ufunguo wa nyumba nzima.

Faida yake si uzuri wa macho tu. Aliyewahi kukusanya michango ya harusi anajua kwamba kila mtaa unaweza kujumlisha wake, kisha jumla zikajumlishwa, na hesabu haiharibiki. Lakini ukichukua wastani wa kila mtaa, ukatafuta wastani wa wastani, umeshadanganya watu, manake mtaa wa watu 5 umepewa uzito sawa na mtaa wa watu 50. Kujua tendo gani linakubali kugawanywa na lipi halikubali ndiyo siri iliyokuja kutumiwa na Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat katika makala yao ya MapReduce ya mwaka 2004, ya kugawa kazi moja kwa maelfu ya mashine.

Gundi ya pili ni uvivu. Programu haipigi hesabu mpaka mtu aitake. Mfano wake ni kipeo cha pili kwa njia ya Newton na Raphson. Kutafuta kipeo cha 2, anza na kadirio 1, chukua wastani wa kadirio na 2 iliyogawanywa kwa kadirio, unapata 1.5, kisha 1.4167, kisha 1.4142, na kuendelea. Hughes anaandika fanksheni moja inayotoa makadirio bila mwisho, na nyingine inayoamua lini pametosha. Kwa kuwa mtoaji ni mvivu, hatoi hata kadirio moja zaidi ya lililoombwa. Na kwa kuwa wametenganishwa, yule mwamuzi anamchukua akamtumie kwenye hesabu nyingine kabisa. Baadaye anafanya vivyo hivyo kwa mchezo wa kupanga alama tatu kwa mstari: mmoja anazalisha mti mzima wa mchezo, mwingine anaupogoa.

Mpaka hapo sina ugomvi naye.

3. Mkasa

Miaka kadhaa nyuma walimu wa kujitolea wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, hapa Uingereza, waliniomba kitu kidogo. Wana hadithi za watoto walizozichapa wenyewe, wanataka maneno 300 yanayotokea zaidi, watengeneze kadi za kufundishia watoto wetu waliozaliwa huku. Mie nikajibu kwa majivuno: hiyo kazi ya dakika tano.

Na kweli ilikuwa ya dakika tano, manake tatizo hilo lina historia. Mwaka 1986, katika safu ya Jon Bentley kwenye jarida la Communications of the ACM, Donald Knuth aliombwa aonyeshe mtindo wake wa kuandika programu kama maandiko ya kusomwa. Kazi aliyopewa ilikuwa hii hii: soma maandishi, toa maneno yanayotokea zaidi. Akaandika programu ya kurasa kadhaa, fundi wa mafundi. Mhakiki wake alikuwa Doug McIlroy, ambaye mwaka 1964 aliandika kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na ndiye aliyewasukuma wenzake mpaka Ken Thompson akayaweka mabomba ndani ya Unix mwaka 1973. McIlroy akausifu ufundi wa Knuth, kisha akaweka pembeni mstari wa amri sita zilizoungwa kwa mabomba: geuza kila kisicho herufi kiwe mstari mpya, fanya herufi zote ndogo, panga, hesabu yanayojirudia, panga kwa wingi, chukua ya juu. Basi.

Haikuwa haki tupu, kwani Knuth aliombwa aonyeshe mtindo wa uandishi, hakuombwa njia fupi. Lakini kwa sisi tuliolelewa na Hughes, ule mstari ni kama hirizi. Sehemu sita, kila moja haijui ya mwenzake, na zote zinaungana.

Nikautumia kama ulivyo. Orodha ikatoka, kadi zikachapwa, watoto wakagawiwa. Baada ya wiki mbili bibi mmoja, mwalimu mstaafu anayesaidia darasani, akanipigia simu.

"Mwanangu, hii 'ng' ni neno la wapi?"

"Shikamoo mama. 'Ng' ipi?"

"Iko humu kwenye orodha yako. Na mbona watu wanaoa sana? Hadithi hizi nimezichapa mwenyewe, hamna hata harusi moja."

Nadhani wengi wenu mmeshaelewa. Amri ya kwanza inasema: kisicho herufi, kata. Ile alama ya juu katika ng' si herufi. Ng'ombe akakatwa akawa "ng" na "ombe". Aling'oa akawa "aling" na "oa". Jino limeng'oka likawa "limeng" na "oka". Kung'amua kukawa "kung" na "amua". Na ng'ambo, neno letu wenyewe sisi watu wa huku, likawa "ng" na "ambo".

Vipande vibaya kama "ombe" mtu anaviona. Vinavyotisha ni vile vizuri. "Oa" ni neno. "Oka" ni neno. "Amua" ni neno. Programu haikunipa takataka nikaitambua, ilinipa Kiswahili sanifu ambacho hakikuandikwa na mtu yeyote. Na sauti ya ng' ndiyo hiyo hiyo inayowasumbua watoto wetu, wao husoma "ng'ombe" kama "ngombe". Kadi 300, hakuna hata moja yenye sauti hiyo. Darasa lililoanzishwa ili wasiipoteze lugha, mimi nikaliondolea kipande cha lugha kwa mstari mmoja wa amri, tena nikajisifu.

4. Kinachokosekana katika makala

Sasa nirudi kwa Hughes, maana nisingemleta hapa kwa kosa langu tu. Ni kweli hakuandika ule mstari wa McIlroy. Lakini imani iliyonifanya nisiuchunguze niliipata kwake: sehemu zikiwa sahihi na gundi ikiwa nzuri, kitu kizima kitakuwa sahihi. Hasemi hivyo waziwazi. Ila mifano yake yote inakuelekeza huko.

Hebu tazameni aina ya mifano: orodha za namba, miti ya namba, vipeo, mchezo wa alama. Katika yote hayo kinachopita baina ya sehemu mbili hakina utata. Namba ni namba. Aliyeitoa na aliyeipokea wanakubaliana maana yake bila kukutana. Mimi kilichopita katika mabomba yangu kilikuwa "neno", na amri ya kwanza ilikuwa na maana yake ya neno, ya Kiingereza, na ya tano ikapokea bila kuuliza. Kila sehemu ilifanya kazi yake sawasawa. Viungo havikuvuja. Kosa halikukaa ndani ya sehemu yoyote, lilikaa katika yale makubaliano ambayo hayakuandikwa popote.

Mtasema, ongeza ile alama katika orodha ya herufi, yameisha. Nilifanya hivyo. Basi maneno ya wahusika yaliyofungwa kwa alama hiyo hiyo ya kunukulia yakawa maneno mapya, 'njoo yenye alama mbali na njoo isiyo nayo. Tena hadithi nyingine zilichapwa kwa programu inayoipinda alama yenyewe, kwa hiyo ng' mbili za sura moja machoni zikawa vitu viwili kwa mashine. Ujuzi wa kutofautisha alama ya ng' na alama ya kunukuu ni ujuzi wa lugha, na katika mabomba sita hakuna bomba lenye nafasi ya kuuweka.

Jambo la pili ni kutupa. Kila sehemu katika mnyororo hutupa kitu. Ya pili inafanya herufi zote ndogo, basi Rehema msichana na rehema ya Mungu wanakuwa kitu kimoja, na Baraka, na Amani. Ya tatu inapanga kwa alfabeti, basi jirani wa neno anapotea. Na Kiswahili bila jirani utakisomaje? Nilipotaka kuondoa viambishi, ili anasoma, tunasoma na walisoma zihesabiwe kama soma, nikakutana na "ukiwa". Ni u-ki-wa, kama katika "ukiwa na njaa", au ni ukiwa, ile hali ya kuachwa peke yako? Anayejua ni sentensi, na sentensi nilishaitupa bomba la kwanza.

Hapa ndipo naona uvivu wa Hughes una mpaka ambao yeye hautaji. Katika mifano yake, mpokeaji anaweza kumwambia mtoaji "basi, inatosha". Anamtawala katika kiasi. Hawezi kumwambia "hiki ulichonipa kina maana mbili, rudi ukaangalie". Mazungumzo ni ya upande mmoja na nusu.

Mengine nayapitia haraka. Uvivu una gharama ya kumbukumbu: ukijumlisha namba milioni kwa uvivu bila uangalifu, mashine inaweza kulundika ahadi juu ya ahadi za kujumlisha mpaka ikaelemewa. OCaml na Scala hufanya kazi papo hapo na kukupa uvivu unapouomba. Na kuhusu kusoma faili au kuongea na mtumiaji makala iko kimya. Haskell iliyotoka mwaka 1990 ilihangaika na jambo hilo mpaka monadi, zilizotokana na kazi za Eugenio Moggi na Philip Wadler, zikaingizwa katika toleo la 1.3 la mwaka 1996. Na monadi nazo, ukichukua mbili zozote, huna hakika kwamba muungano wao utakuwa monadi. Gundi yenyewe ikahitaji gundi.

5. Haki yake

Lakini ningemuonea Hughes kama ningeishia hapo. Nilipotulia, dawa niliipata ndani ya ile ile nyumba yake.

Wadler mwaka 1985 alieleza mbinu nyepesi: fanksheni inayotafuta jibu isirudishe jibu moja, irudishe orodha ya majibu yote yanayowezekana. Likiwa tupu, imeshindwa. Likiwa na mawili, kuna utata, na utata huo unasafiri mbele ukiwa hai. Kwa hiyo kipande changu cha kuchambua viambishi kikiletewa "ukiwa" hakiamui. Kinatoa zote mbili, na mwenye sentensi mbele ataamua. Kwa sababu ya uvivu, masomo yasiyohitajika hayapigiwi hesabu. Sikuhitaji kumrudisha mtoaji nyuma, nilihitaji kutomlazimisha aamue mapema.

Na Hughes mwenyewe, mwaka 2000, pamoja na Koen Claessen, akatoa QuickCheck. Hiyo unaiandikia sifa ambayo programu lazima iwe nayo siku zote, nayo inaitafutia mifano ya kuivunja. Sifa ya kwangu ilikuwa ya mstari mmoja: neno lolote la kamusi ya Kiswahili likipita peke yake katika kikataji, litoke neno lile lile, zima. Ningeiandika siku ile, ng'ombe angeivunja kabla chai haijapoa. Lakini haingeandika sifa hiyo kwa niaba yangu. Ilibidi kwanza nijue kwamba kuna swali.

Sasa hivi programu yangu ina aina mbili zisizochanganyika, "maandishi" na "neno", na kuna mlango mmoja tu wa kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye neno. Mlango huo unajua habari za ng', za alama za kunukuu, na za alama iliyopinda. Neno linatembea na sentensi lilikotoka mpaka mwisho, na kuhesabu kunafanywa mwisho kabisa. Sehemu zinaungana kwa gundi zile zile mbili za Hughes. Ni ndefu kuliko mstari wa McIlroy, fupi sana kuliko programu ya Knuth, na bibi yule ameipitia orodha yake, ng'ombe yumo, ng'ambo imo. Kadi za zamani tulizikusanya, ingawa si zote zilirudi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Makala ni kubwa, isomwe. Lakini Hughes ameandika juu ya gundi, na kwa mifano yake ubao ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Anayeshughulika na maandishi, hasa ya lugha ambayo vifaa hivi havikutengenezwa kwa ajili yake, aukague ubao kwanza. Kijana akiniuliza "nitaungaje sehemu hizi?", siku hizi namrudishia swali: kitu gani hasa kinapita hapo katikati, na nani amekipa maana yake?

Wenye kuona nimemuonea mzee wa watu, uwanja ni wenu. Na kama yuko humu mwenye orodha nzuri ya maneno ya Kiswahili yenye utata wa aina ya "ukiwa", tafadhali asituwekee kabatini.

Naomba kuwasilisha.